Kaburi Chini ya Banda la Kuku

Benki huwapenda sana wakulima, hasa kwenye kalenda. Ile iliyotundikwa nyuma ya kiti cha Lennox, katika tawi la Ukunda, ilikuwa na mkulima mnene aliyekumbatia mahindi, meno yote nje, shati jeupe lisilowahi kuonja jasho. Kahaso alimtazama mkulima yule kwa saa moja na nusu akingoja kuitwa, na alipoitwa alikuwa ameshamchukia.

Lennox alikuwa afisa wa mikopo, kijana kutoka bara, mwaka wake wa pili pwani. Kahaso alikuwa na umri wa mama yake. Aliketi, akangoja shikamoo. Haikuja.

"Karibu mathee. Fomu umejaza?"

Alikuwa amejaza. Alikuwa na hati ya shamba lake la ekari nne kule Mkongani, kitambulisho, taarifa ya simu ya pesa zilizoingia na kutoka miezi sita, na barua ya hoteli moja ya Diani. Barua hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani. Hoteli ilikubali kununua pilipili na bilinganya zake kila Jumanne na Ijumaa mwaka mzima, mradi asikatize kiangazi. Mwaka uliopita alikatiza, kwa sababu maji ya bwawani yalikauka na mgongo wake una kikomo. Maryanne, yule mwanamke anayeinunulia hoteli vyakula, alikuwa amemwambia wazi kwamba hatamngoja mara ya pili. Kwa hiyo Kahaso alitaka laki sita, achimbe kisima na kuweka pampu ya jua kabla ya Januari. Akikosa kisima, amekosa hoteli, na akikosa hoteli atarudi kuuza bilinganya kwa mafungu kando ya barabara.

Lennox alipekua karatasi haraka haraka, mdomo umebinuka.

"Hati ni jina lako. Hiyo ni poa. Mzee yuko?"

"Alifariki. Mwaka wa nne sasa."

"Pole. Watu wa mzee wako sawa na hii stori? Tunataka mmoja wao aje asaini kama shahidi. Hatutaki kesho mtu atokee na korti."

"Yuko shemeji yangu."

"Poa. Na kwa shamba hakuna makaburi?"

Swali lilikuja na sauti ileile ya kuulizia nambari ya simu. Kahaso akauliza benki inataka nini na makaburi.

"Tuko na shamba moja huko upande wa Lungalunga," alisema Lennox, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Jamaa alishindwa kulipa. Tumelipeleka mnada mara tatu. Makaburi mawili, hapo tu karibu na mlango. Watu wanakuja, wanaona, wanapanda boda wanaenda. Nani atanunua mahali wafu wa watu wengine wamelala? Mkopo huo niliandika mimi, na bosi hajanisahau. Sasa hata uwe na hati, mvua inyeshe, hoteli ikuandikie barua kumi, kukiwa na kaburi ni hapana."

"Hakuna," alisema Kahaso.

Alilisema upesi mno. Lakini Lennox alikuwa ameshaweka alama kwenye kisanduku chake na kumpa siku ya kuja kukagua shamba, Jumatano ya wiki iliyofuata.

Kaburi lilikuwapo. Mumewe, Ziro, alikuwa amelala hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni, chini ya saruji ambayo fundi aliandika jina kwa ncha ya msumari ikiwa bado mbichi: ZIRO THOYA. Na kaburi hilo lilipiganiwa. Kwa Waduruma wa upande ule, mwanamume mwenye shamba huzikwa shambani mwake. Asiye na lake hurudishwa uani kwa babake. Ziro alipofariki, kaka yake mkubwa, Kahindi, alikuja na watu na majembe kuuchukua mwili aupeleke kwa baba. Kahaso alisimama mlangoni na panga. Hakumkata mtu, ila hakuna aliyejaribu bahati yake.

Mwaka mmoja baadaye Kahindi alikwenda kwa chifu, akadai kwamba shamba ni la ukoo na Ziro alikuwa ameazimwa tu. Wazee walikuja, wakauliza swali moja: Ziro amelala wapi? Kahaso akanyoosha kidole. Shauri likaisha hata chai haijachemka. Chifu akaandika barua kwamba marehemu alizikwa katika shamba lake mwenyewe, barua ikaenda mahakamani Kwale, na kutoka mahakamani ikaja hati yenye jina la Kahaso. Tangu siku hiyo Kahindi hakumwita kwa jina wala kwa ushemeji. Wakikutana njiani alitema mate, na Kahaso naye, kwa kuwa si mtu wa kupokea bila kurudisha, alitema yake.

Jumamosi ile Kahaso alichukua mbao za choo cha zamani, mabati mawili na wavu, akajenga banda la kuku juu ya saruji. Alilijenga vizuri. Alitandaza majani makavu juu ya jina, akaweka chombo cha maji, akawaingiza kuku kumi na wawili. Esha, jirani yake, alikuja kuomba moto akamkuta anapigilia misumari.

"Kahaso, unafanya nini?"

"Kuku wangu wanaliwa na nguchiro."

"Juu ya mumeo?"

"Mume wangu hakuwahi kugombana na kuku."

Esha alitikisa kichwa, akaondoka bila moto. Alipokwisha kwenda, Kahaso alichuchumaa kando ya wavu na kumwambia Ziro amvumilie mwezi mmoja, pesa zikitoka tu atalivunja banda na kumwekea saruji mpya yenye rangi. Aliona haya mno. Kuku mmoja alikuwa ameshaanza kunya juu ya herufi ya kwanza ya jina.

Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, nacho ni kumwendea Kahindi. Alikwenda Jumapili jioni, amejifunga leso mpya, ameficha elfu tano kwenye pindo, maana alijua shemeji yake hasaini kitu bure. Alimkuta akifunga mbuzi zizini.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Hakutema mate. "Karibu kiti."

Kahaso alieleza yote, ya hoteli, ya kisima, ya banda. Hilo la banda alilisema akitazama chini. Alingoja matusi. Kahindi alikaza fundo la kamba polepole.

"Benki haitaki kaburi," alisema.

"Haitaki."

"Na wewe umewaambia halipo."

"Nimewaambia halipo."

"Basi nitakuja. Jumatano saa ngapi? Sisi ni watu wa nyumba moja, shemeji. Tukikorofishana sisi kwa sisi, watu wa nje ndio wanaofaidi."

Kahaso alirudi nyumbani na elfu tano zake pindoni. Njiani alijaribu kufurahi, akashindwa. Mtu aliyemchukia kwa miaka minne hawezi kupona kwa siku moja kama mwenye mafua. Akajiambia labda Kahindi atadai fungu pesa zikishaingia. Akaona heri hilo, fungu litatolewa, bora kisima kichimbwe.

Jumatano Lennox alifika kwa boda, viatu vimejaa vumbi jekundu na hasira zimemjaa kuliko viatu. Kahindi alikuwa amemtangulia, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Walilizunguka shamba watatu, Lennox akipiga picha kwa simu ya benki: mipaka, nyumba, mistari ya pilipili, mahali pa kuchimba kisima. Walipofika kwenye banda alisimama.

"Mbona banda liko peke yake huku?"

Kahindi ndiye aliyejibu.

"Kuku wana kelele, bwana mkubwa. Shemeji yangu hapendi kuamshwa na jogoo."

Lennox alicheka kidogo, akapiga picha ya banda, akapita. Kahaso aliufuata mgongo wa Kahindi kwa macho. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa msaada, na msaada huu ulimtia baridi ya mwili saa sita mchana.

Waliketi barazani. Lennox aliweka fomu mezani, akaisoma kwa haraka ya mtu anayetaka kuwahi chakula mjini. Mwombaji anathibitisha kwamba ndani ya shamba hakuna kaburi. Mwombaji asaini hapa, shahidi wa familia hapa. Akampa Kahaso kalamu.

"Samahani, bwana," Kahindi alisema, amekunja mikono mapajani kwa adabu. "Hii karatasi benki huiweka kwa muda gani?"

"Mpaka mkopo uishe. Hata zaidi."

"Na mimi shahidi naweza kupata nakala?"

"Unaweza kupiga picha tu. Haina shida."

"Vizuri. Basi naomba jambo moja, ili benki yenyewe isiwe na wasiwasi. Hapo palipoandikwa hakuna kaburi, ongeza na jina. Andika kwamba marehemu Ziro Thoya hakuzikwa katika shamba hili. Shemeji asaini, nami nisaini chini yake. Karatasi inakuwa imekamilika."

Lennox aliinua mabega. "Kama mnataka." Akatoa kalamu nyingine mfukoni, akaanza kuandika.

Kahaso aliitazama kalamu ya Lennox ikitembea, Z, I, R, na ndipo alipoelewa. Shemeji yake hakutaka fungu la pesa. Alitaka karatasi. Angempelekea chifu picha ya karatasi hiyo na kumwambia: tazama, mwanamke huyu mwenyewe ametia saini kwa mkono wake, mbele ya benki, kwamba kaka yangu hakuzikwa pale. Basi barua yako ya marehemu kuzikwa katika shamba lake ilikuwa ya uongo. Basi hati iliyotokana na barua hiyo ni ya uongo. Na mume asiyezikwa shambani mwake, huyo hakuwa na shamba. Kahindi angekwenda nayo Kwale, na safari hii asingekwenda mikono mitupu. Na kama jambo hilo lingehitaji muda, angengoja hata mwaka, mpaka kisima kiwe kimeshachimbwa.

Angepata shamba lenye maji. Deni lingebaki kwa Kahaso.

"Saini hapa," alisema Lennox.

Kahaso aliiweka kalamu mezani.

"Saini, shemeji," Kahindi alisema. "Jua ni kali, bwana huyu ana kazi zake."

"Shemeji, leo umeniita mara nyingi kuliko miaka minne yote."

"Usiwe mpumbavu, Kahaso. Laki sita hizo." Ile sauti ya adabu ilikuwa imemtoka, na sasa alikuwa Kahindi yuleyule wa siku zote. Kwa namna fulani Kahaso aliona nafuu. Aliinuka, akavuka uwanja, akafungua banda na kuwafukuza kuku. Aling'oa bati la kwanza, kisha la pili, kisha akaangusha mbao kwa teke. Alifagia majani na mavi ya kuku kwa mikono yake mitupu mpaka herufi zikaonekana.

Lennox alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mathee, hii ni nini?"

"Ni mume wangu."

"Umenitoa Ukunda na hili jua ili unidanganye? Nikiandika hii ipite, halafu ishindwe kulipwa, unajua nani anafutwa kazi? Si wewe." Alikung'uta vumbi viatuni. "Watu wa huku mnatuona wajinga sana."

"Nilikudanganya," alisema Kahaso. "Nisamehe. Sasa nakuomba upige picha."

"Picha ya nini tena?"

"Ya hili kaburi. Jina lisomeke, na nyumba yangu ionekane nyuma. Ukirudi utaulizwa kwa nini umenikatalia, uwe na la kuonyesha."

Hilo lilimwingia, maana lilimhusu yeye mwenyewe. Alipiga picha tatu. Kahindi alikuwa ameshavaa kofia, anakwenda zake bila kuaga, na alipofika kwenye mstari wa mwisho wa pilipili aling'oa mche mmoja akautupa. Huo ndio ulikuwa utu uzima wake.

Siku ya tatu benki ilituma ujumbe wa simu. Ndugu mteja, ombi lako halikufaulu, asante kwa kutuchagua. Kahaso alipanda gari hadi Ukunda kuomba barua. Akaambiwa benki haitoi barua za kukataa, ujumbe unatosha. Akaketi. Saa kumi wakafunga, akaondoka. Kesho yake akarudi, akaketi chini ya mkulima wa kalenda na chakula chake ndani ya mkebe. Siku ya tatu mlinzi alimwambia kwamba anawaharibia wateja hewa, na Kahaso akamwambia awafungulie dirisha. Hapo ndipo meneja wa mikopo, mwanamke aitwaye Jacinter, alipotoka ofisini kwake.

"Mama, shida yako ni gani? Mkopo huwezi kupata. Hiyo imeisha."

"Sitaki mkopo. Nataka mniandikie mmenikatalia kwa nini."

"Tukiandika, tunaandika haujafikia vigezo."

"Hapana. Andikeni kaburi. La nani, na liko wapi. Picha mnazo, alizipiga kijana wenu. Na muhuri."

Jacinter alimkazia macho. "Watu wanakuja hapa kulia tusiandike mabaya yao. Wewe unalia tuandike."

"Sijalia hata kidogo. Nimekaa tu. Na nitakaa na kesho."

Sijui kama Jacinter alielewa lolote. Nadhani alichoka, na pengine alitaka kiti chake cha wateja. Barua ilichapwa kwa dakika tano, kazi iliyokuwa imeshindikana kwa siku tatu. Ilisema kwamba benki imekataa ombi la Bi Kahaso Ziro kwa kuwa ukaguzi umethibitisha kuwapo kwa kaburi la mumewe, marehemu Ziro Thoya, ndani ya shamba la mwombaji, Mkongani. Ikatiwa muhuri. Alipokuwa akitoka, mlinzi akampa kalenda ya mwaka mpya. Ilikuwa na mkulima yuleyule na mahindi yaleyale.

Januari ilikuja na kiangazi chake. Maryanne alipiga simu Jumanne moja asubuhi.

"Mama Kahaso, pole lakini nimepata mtu wa Taveta. Ako na maji. Wageni hawali pole, unaelewa?"

Alielewa. Pilipili zilikuwa zimejikunja majani, na bilinganya zilizokuwa zimetoka zilibaki ndogo na chungu. Alikuwa akiokoa mistari miwili kwa mitungi, mingine aliiacha ife mbele ya macho yake, na jambo hilo lilimuuma hata akawa hapendi kufungua mlango wa nyuma.

Kahindi hakukata tamaa. Alimshtaki kwa chifu kwa jambo la kweli, kwamba alimjengea mumewe banda la kuku kifuani. Wazee waliketi kwenye veranda ya ofisi ya chifu, na safari hii Kahaso hakuwa na pa kunyoosha kidole.

"Ulifanya?" aliuliza mzee wa kwanza.

"Nilifanya."

"Kwa nini?"

"Nilitaka maji."

Wakamtoza faini ya mbuzi mmoja na kuku wote kumi na wawili, kaburi lioshwe, marehemu aombwe radhi. Aliona ni haki. Kwa kweli aliona ni kidogo. Kisha Kahindi akasimama, akasema kwamba mwanamke huyu aliwaambia watu wa benki kwa kinywa chake kwamba hakuna kaburi, na kama mwenyewe amelikana kaburi, wazee watazame upya shamba ni la nani.

Kahaso akatoa barua. Alikuwa ameifunikisha kwa plastiki Ukunda, kwa shilingi hamsini, isiliwe na mchwa. Chifu aliisoma kwa sauti, mpaka penye jina la marehemu, mpaka penye shamba la mwombaji, mpaka penye muhuri. Kisha akaisoma tena.

"Benki imekwenda kukagua, imepiga picha, imeandika," alisema. "Mimi hapa sina cha kuongeza. Niachie nakala nitie kwenye faili."

Mbuzi wa faini alichinjwa siku ileile. Kahindi alikula na wazee, tena alikula vizuri.

Jioni yake Kahaso alikuwa akirudi kutoka bwawani, mtungi kichwani na mwingine mkononi. Bwawa lilikuwa limebaki tope katikati, na alikuwa amengoja muda mrefu maji yatulie. Kahindi alikuwa amesimama njiani penye mpaka, anachokonoa meno.

"Umeshinda barua," alisema. "Lakini hoteli imekwenda, pesa huna, na bwawa hili halifiki mwezi wa pili. Maji utayatoa wapi?"

Kahaso hakushusha mtungi.

"Nitayatoa hukohuko unakoniona nikiyatoa siku zote," alisema. "Nami nayapeleka kwangu. Nipishe."

Njia ilikuwa nyembamba. Kahindi alingoja kidogo, kisha akaingia majanini.